Umri wa Kasha na Neno la Ukoo

Katika nyumba za kale za mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, kasha hujulikana kwa watu kabla ya kujulikana kwa miaka. Mgeni akiuliza kasha lile la njumu lililo chini ya dirisha ni la zamani gani, hajibiwi kwa tarehe. Hujibiwa kwamba lilikuja na bibi mzaa bibi siku alipoolewa, au kwamba babu alilipakua kutoka jahazi la kaskazi, au kwamba lilikuwapo tangu enzi za Sayyid Said. Jibu hilo humtosha mwenyeji. Halimtoshi yule anayeinama, akalisogeza kasha kutoka ukutani, akamulika kitako chake kwa tochi na kuhesabu misumari. Huyu naye ana jibu lake, na mara nyingi majibu hayo mawili hayapatani.

Yasipopatana, wengi huona kwamba mmoja lazima awe mwongo, ama kasha ama bibi. Kabla ya kufika huko yafaa kuulizwa swali jingine, ambalo ni la maadili kuliko la ufundi: mrithi aliyeachiwa kasha anadaiwa ukweli gani, na anayemdai ni nani?

Kwanza asikilizwe shahidi wa mbao, maana wengi humsemea bila kumgeuza. Ushahidi wake haumo mbele, mahali ambapo jicho hukimbilia. Shaba inayong'aa na nakshi ya uso ndizo sehemu rahisi kuliko zote kufanywa upya. Fundi hodari wa leo wa Mji Mkongwe au wa Lamu huweza kupigilia njumu kwa mpango ule ule wa wazee wake, wala hana kosa maadamu anasema kazi ni ya leo. Ushahidi umo nyuma panapoegemea ukuta, na chini penye vumbi, na ndani ya saraka zinapovutwa zikatoka kabisa. Huko fundi wa kwanza hakuwa na haja ya kumpendeza mtu.

Msumari uliofuliwa na mhunzi una pande nne, hupungua kuelekea nchani, na kichwa chake hakilingani na cha mwenziwe. Msumari uliokatwa kwa mashine ulianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na ule wa waya, wa mviringo, unaouzwa kila duka hivi leo, ulishika soko mwishoni mwa karne ya 19. Parafujo nazo zina habari zao. Zile za kabla ya miaka ya 1840 zilikuwa butu, na fundi alilazimika kutoboa njia kwanza kwa keekee. Zenye ncha kali inayojiingiza ubaoni zilienea baada ya hapo. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, na msumeno wa duara wa mashine huacha mapinde. Ubao wenyewe hunywea kwa upana miaka ikipita, haunywei kwa urefu, hata kitu kilichochongwa duara kamili huja kuwa na umbo la yai. Mbao laini za ndani zikiwa zimetobolewa na wadudu, matundu huonekana kama vichwa vya pini. Yakionekana kama mifereji mirefu iliyolala wazi juu ya uso, basi ubao ule ulipasuliwa baada ya kuliwa, yaani mbao kuukuu imeundiwa kasha jipya.

Lakini dalili hizi hazina uzito sawa pande zote mbili, na hapa ndipo wajuzi wa nusu hupotea. Msumeno wa mkono na nyundo ya mhunzi havikuachwa India wala Afrika Mashariki siku mashine zilipovumbuliwa Ulaya. Vilitumika hadi ndani ya karne ya 20, na hata leo. Kwa hiyo alama ya kazi ya mkono haithibitishi ukale. Alama ya mashine, kinyume chake, huthibitisha kitu, ila huthibitisha kwa sehemu ile tu iliyokutwa nayo. Msumari wa waya uliopo kwenye bawaba husema kwamba bawaba ilitengenezwa upya, hausemi lolote juu ya kasha zima. Shahidi wa namna hii hujua kusema "si kabla ya hapa". Kusema "ni mwaka huu" hakuwezi.

Maabara nazo zina mpaka wao. Kipimo cha kaboni kinachotumika kwa mifupa na makaa ya kale sana hakina msaada mkubwa kwa kitu cha baina ya takriban mwaka 1650 na 1950, kwa sababu katika kipindi hicho hesabu zake hupandana, na ubao wa 1700 waweza kufanana na wa 1880. Kuhesabu miviringo ya mti kumewafaa sana wachunguzi wa mwaloni wa Ulaya, ambako kumbukumbu za miviringo zimeunganishwa karne kwa karne. Ubao wa msaji uliokatwa upande mmoja wa bahari, ukauzwa bandari ya pili na kuundwa kasha bandari ya tatu, hauna urahisi huo. Na hata hesabu ikipatikana, ni hesabu ya mti. Mti haukujua kwamba utakuwa kasha.

Majina nayo hayasaidii sana. Wauzaji na wakusanyaji huyaita makasha haya ya Surat, ya Bombay, ya Malabar, ya Shirazi, ya Zanzibar, kwa kufuata mpango wa shaba, umbo la miguu na idadi ya saraka. Sheila Unwin, aliyeishi Afrika Mashariki na kuyakusanya kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2006 kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Arab Chest, ambacho bado ni msaada mkubwa kwa mwenye kutaka kuyatambua. Jina la kitabu linataja Uarabu, hali makasha mengi yanayozungumzwa humo yaliundwa na mafundi wa India, na kasha liitwalo la Zanzibar huenda lilipata jina hilo kwa kuwa huko ndiko lilikonunuliwa. Hakuna wa kulaumiwa. Kasha lilikuwa chombo cha baharini, likafuata msimu kama lilivyofuata bidhaa, na kila bandari ililiita kwa jina la bandari ya nyuma yake.

Sasa lichukuliwe kasha moja la mfano, lenye shida zote kwa pamoja. Ni la msaji, lina njumu usoni, na kifuniko chake na mbavu zake zimepakwa rangi ya kijani, na juu ya kijani yamechorwa kwa mkono maua meupe na mekundu. Limebaki baada ya kufariki mama. Warithi ni kaka na dada yake. Neno la ukoo ni kwamba kasha na maua yake lilitoka Surat, likiwa limepambwa mahsusi kwa bibi harusi wa ukoo huo, zama za Sayyid Said, ambaye alifariki mwaka 1856.

Rangi ni shahidi mkali kuliko msumari, kwa kuwa nyingi zina siku ya kuzaliwa inayojulikana. Buluu ya Prussia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na kabla ya hapo hakuna aliyeweza kuichora popote duniani. Buluu ya ultramarini, ambayo zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan, ilianza kutengenezwa viwandani baada ya mwaka 1828. Manjano ya kromu ni ya karne ya 19. Nyeupe ya zinki ilienea katika rangi za mafuta katikati ya karne hiyo, na nyeupe ya titani haikufika sokoni ila baada ya mwaka 1916. Punje ndogo kuliko ya mchele, ikibanduliwa mahali pasipoonekana, hutosha kwa uchunguzi. Basi ikiwa weupe wa maua yale ni wa titani, hayakuchorwa zama za Sayyid Said wala za Sayyid Barghash. Yalichorwa na mtu aliyeishi karne ya 20.

Mwambao wa Afrika Mashariki uzuri wa kasha hukaa zaidi katika shaba na nakshi, kwa hiyo swali la rangi limezoeleka zaidi kwa watu wa nchi ambako kupaka kasha ndiyo desturi yenyewe. Norwei ni mojawapo. Katika mabonde ya Telemark na Hallingdal, tangu karne ya 18, makasha ya harusi na ya akiba yalipambwa kwa maua na majani yanayojipinda, na mbele pakaandikwa jina la mwenyewe na mwaka. Wanorwei walipoanza kuhamia Marekani kwa makundi, merikebu ya kwanza ikiondoka Stavanger mwaka 1825, kasha hilo ndilo lililobeba nguo, mkate mkavu na vifaa vya kazi. Wengine waliagiza jipya. Wengine walichukua lililokuwapo nyumbani tangu mababu, wakalipaka tena, wakaandika jina la msafiri, mwaka wa safari na jina la nchi waendayo. Wajukuu wao huko Iowa au Minnesota wakisoma mwaka huo hudhani wamesoma siku ya kuzaliwa kwa kasha. Wamesoma siku ya kuondoka kwa mtu. Aliyeandika hakusema uongo hata kidogo, bali jibu lake lilikuwa la swali ambalo wajukuu hawakuliuliza.

Katika Pennsylvania, miongoni mwa wazao wa wahamiaji wa Kijerumani, yalitokea mengine. Huko nako vijana, wa kike na wa kiume, walipewa makasha yaliyochorwa maua, ndege na majina. Yalipoanza kutafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa, walipatikana mafundi waliochukua kasha la kale kweli, tupu, lisilo na pambo, wakalichora maua mapya na mwaka wa zamani. Mbao ya kweli, misumari ya kweli, mwaka wa uongo. Anayetazama kitako peke yake angeliapia.

Mifano hii miwili yaonyesha kwamba tarehe ya kasha si moja. Iko siku lilipoundwa, ziko siku lilipotengenezwa na kupakwa, na iko siku lilipoingia katika ukoo. Mjuzi akiulizwa, hutafuta ya kwanza. Ukoo ukisimulia, mara nyingi husema ya tatu, na kwa kuwa kumbukumbu hupenda kufupisha, huikunja ya pili ndani ya ya tatu. Bibi aliyesema kasha lilikuja na mama yake hakuwa akitoa ushahidi juu ya msaji. Alikuwa akisema kwamba mwanamke fulani alitoka kwao, akavuka bahari au mtaa, akawa na kitu chake mwenyewe chenye ufunguo wake mwenyewe, katika nyumba ambayo vingine vyote vilikuwa vya mume. Habari hiyo haimo katika msumari wowote, na kama bibi asingeisema ingepotea.

Kwa hiyo wanaosema hadithi ya ukoo iachwe ilivyo wana hoja, na wale wanaoicheka kwa sababu ya punje ya titani wanastahili kukumbushwa adabu. Kitu kinachosimuliwa barazani kwa wajukuu, au kwa mgeni anayekunywa kahawa, hakimdhulumu mtu kikiwa na miaka sitini zaidi ya haki yake. Hakuna mbele ya mgeni huyo deni la kuligeuza kasha.

Hali hubadilika siku kasha linapotaka kuhama mkono. Siku hiyo neno la ukoo huacha kuwa ukumbusho likawa dai, na dai lina anayedaiwa. Kasha la mfano ni sehemu ya tarika ya mama, na katika sheria ya Kiislamu mafungu yanajulikana: mtoto wa kiume hupata mara mbili ya mtoto wa kike. Kasha halipasuliwi. Ama liuzwe na thamani igawanywe, ama mmoja alitwae kwa kukubaliana na mwenziwe, njia ambayo wanazuoni wa fiqhi wanaiita takharuji, mrithi mmoja kutoka katika tarika kwa kitu maalumu. Dada akasema, "Kaka, mimi niachie kasha la mama, na shamba lichukue wewe." Au kaka akasema, "Dada yangu, hilo sanduku kuukuu la nini? Chukua vyombo vya shaba, hilo mimi nitakuondolea." Maneno yote mawili yanasikika kama mapenzi ya ndugu. Yote mawili yaweza kuwa ghushi, ikiwa msemaji amekwisha kumwonyesha dalali kitako cha kasha na mwenziwe hakuonyeshwa.

Ridhaa ya asiyejua ni ridhaa dhaifu. Mtu hawezi kusamehe kitu ambacho hajui kwamba anacho. Hapa deni la kujua ni la wote, na la kusema ni la yule aliyetangulia kujua. Mwenye kulikwepa kwa kusema "sisi hatupimi vitu vya mama kwa fedha" atazame kwanza ni nani anayefaidika na kutopima huko; mara nyingi ni huyo huyo anayelala chumba kimoja na kasha.

Lakini shahidi wa mbao naye asijivune, kwani katika baraza hilo hilo ya warithi liko jambo kubwa asilolijua. Huenda kasha halimo katika tarika kabisa. Mama akiwa hai na mzima wa afya huenda alimpa binti yake, na hiba iliyotolewa na kupokewa ni mali ya aliyepewa, hairithiwi na wengine. Swali basi ni kama alitoa na kama lilikabidhiwa. Kasha zito halibebwi mgongoni kuonyesha kwamba limekabidhiwa. Kinachotolewa ni ufunguo. Binti aliyekabidhiwa ufunguo mbele ya shangazi na jirani ana hoja nzito, na yule aliyeutoa chini ya mto baada ya mazishi hana. Hayo hayasomwi katika rangi. Husemwa na vinywa vya waliokuwapo, na neno la ukoo lililoonekana jepesi katika hesabu ya miaka huwa hapa ndilo linalokata shauri. Ni makosa yale yale kumwuliza msumari habari za hiba kama ilivyo kumwuliza shangazi habari za titani.

Kwa watu wa visiwani iko tarehe nyingine iliyo nzito zaidi kutamkwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa nyingi ziliondoka Unguja kwa haraka, wakaenda Bara, Oman, Ghuba na kwingineko, na vyombo vya ndani havikuingia katika mizigo yao. Vingine viliuzwa kwa bei ya kutupa, vingine viliachwa, vingine aliwekewa jirani. Miaka sitini ni muda wa kutosha kwa kasha la jirani kuitwa kasha la bibi. Mrithi anayevuta saraka hadi mwisho akakuta jina ambalo si la ukoo wake amekuta jambo lililo zito kuliko umri. Kama lilinunuliwa, iko bei iliyolipwa, hata ikiwa ndogo. Kama liliwekwa amana, basi hakuna mirathi, hata mama awe amelifuta vumbi kwa miaka hamsini, na anayetafutwa sasa ni mjukuu wa mtu mwingine. Wengi wasiotaka kasha lao lichunguzwe hawaogopi kuambiwa ni jipya. Wanaogopa jina hilo.

Tuseme katika kasha la mfano hakuna jina, wala hakuna hiba. Ndugu wawili wamekubaliana kuliuza, na kila mmoja anajua ajualo mwenziwe. Dalali ameleta mnunuzi, na mnunuzi ana sharti: kijani na maua yatolewe kwa dawa ya kuondolea rangi, msaji ulio chini uonekane, kwani ubao unaonekana kuwa wa karne ya 19 na rangi imeupunguzia bei. Kaka amekubali. Hoja yake haina ila: maua yamethibitika kuwa ya juzi, na neno la ukoo juu yake limethibitika kuwa si kweli.

Dada hakatai kwamba si kweli. Ila ameuliza, maua yakiwa ya karne ya 20, nani aliyeyachora? Msaji ulikatwa na watu wasiojulikana, shaba ilipigiliwa na fundi wa India ambaye hakumjua bibi wala hakuijua Unguja. Katika kasha zima, kitu pekee kinachoweza kuwa kazi ya mkono wa mtu wa nyumba hiyo ni yale maua yaliyosingiziwa Surat. Shangazi mmoja mkongwe bado yuko hai, na kabla ya dawa kumwagwa kunahitajika mtu wa kwenda kumwuliza, bila kumtajia Sayyid Said, nani katika nyumba ile alikuwa akijua kushika brashi.